UZI: Mtoto wa punda aliyefiwa na mama. Dang'a, maziwa, chupa na malezi mpaka kuachishwa (Lamu)

#1 Matondoni_Mifugo

Salaam aleikum wana jukwaa. Swali la mtoto wa punda aliyebaki bila mama linarudi hapa mara kwa mara, na jibu la haraka huwa lile lile: "mpe maziwa ya ng'ombe kwa chupa ya soda." Wengi wanaokufa kwa njia hiyo hawafi kwa njaa. Hufa kwa sababu maziwa yameingia mapafuni, au yamemiminwa kwenye tumbo lililo baridi, au yalikuwa mazito na mengi kupita kiasi. Nafungua uzi mmoja ili yote yakae pamoja. Wenye ujuzi wasahihishe.

Naanza na joto, kwa sababu joto hutangulia tone lolote la maziwa. Pima kwa kipimajoto njia ya haja kubwa. Mtoto mzima huwa kati ya 37.5 na 38.9. Akiwa chini ya hapo, na ukimtia kidole kinywani unahisi ubaridi, usimlishe. Tumbo la mtoto aliyepoa halisagi. Maziwa hukaa humo yakachacha. Msugue kwa taulo au gunia kavu, kwa nguvu, mwili mzima. Mlaze juu ya nyasi kavu mahali pasipopigwa na upepo, mzungushie chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kikoi kuukuu zisimwunguze. Watu hudhani Lamu hakuna baridi. Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, na yale manyoya marefu ya mtoto hulowa mpaka ngozini. Akizaliwa usiku wa mvua za kusi hupoa upesi sana.

Akishapata joto, jaribu mnyonyo: kidole safi juu ya ulimi. Akikivuta kwa nguvu na kukunja ulimi kukizunguka, yuko tayari kwa chupa. Akikitafuna tu au kukiacha, hayuko tayari, na hapo hakuna kumimina kitu kinywani. Unachoweza kufanya ni kukoroga glukosi kidogo kwa maji na kumpaka ufizini kwa kidole huku ukimtafuta daktari wa mifugo, maana mtoto wa namna hiyo huhitaji kulishwa kwa mpira wa puani au dripu, na mpira huo si kazi ya kujaribia nyumbani. Ukiingia koo la hewa badala ya koo la chakula, umemzamisha.

#2 TabibuPwani

Ahsante Matondoni. Naongeza kuhusu dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, kwa sababu hapa ndipo saa zinapohesabiwa.

Mtoto wa punda huzaliwa bila kinga ya maradhi mwilini. Kondo la nyuma la punda halipitishi kinga kutoka kwa mama, kwa hiyo yote aliyo nayo huipata kwenye dang'a, na utumbo wake huweza kuipokea kwa muda mfupi tu. Saa sita za kwanza ndizo bora. Kufikia saa kumi na mbili uwezo umeshuka sana, na baada ya siku moja mlango umefungwa. Hata ukimpa ndoo nzima, itakuwa chakula tu.

Watoto wa punda wetu wa visiwani huzaliwa wadogo. Chukua mfano wa kilo 20. Huyo ajitahidiwe kupata lita moja hadi moja na nusu ya dang'a ndani ya saa nane za kwanza, mililita 150 hadi 250 kila saa. Usimpe lita nzima kwa mkupuo.

Dang'a zuri ni zito, linanata vidoleni, rangi yake inaelekea manjano. Likiwa jepesi na jeupe kama maziwa ya kawaida, huenda mama alikuwa akivuja kabla ya kuzaa, na kinga imeshatoka. Mwambie daktari jambo hilo hata kama mtoto amekunywa la kutosha.

#3 Bi_Langoni

Tabibu, na kama mama amekufa palepale wakati wa kuzaa na hakuwahi kunyonyesha? Dang'a lile latumika, au ni haramu kwa mtoto?

#4 TabibuPwani

Latumika, Bi, likikamuliwa mara moja na kwa mikono safi. Mama aliyekufa kwa kutoka damu au kwa mtoto kukwama hana tatizo. Ila kama alikuwa na homa kali, kiwele kimevimba na kina usaha, au alipigwa sindano za dawa nyingi kabla ya kufa, liacheni.

Kiwele cha punda kina chuchu mbili tu, fupi, na mikono ya mkamuaji wa ng'ombe hupata taabu. Chukua bomba la sindano la mililita 60, jipya, bila sindano. Kata ile ncha nyembamba kwa kisu kikali. Chomoa kisukumio, kiingize upya kupitia upande uliokatwa. Sasa ule upande laini wenye ukingo ndio unaokaa kwenye chuchu. Paka vaselini kidogo kwenye ukingo, uweke juu ya chuchu, vuta taratibu. Kamwe usiweke upande uliokatwa kwenye chuchu, unachana. Chuja kwa kitambaa kilichochemshwa.

Dang'a la mama likikosekana kabisa, tafuta punda jike mwingine aliyezaa ndani ya siku ile ile. Mtoto wake akishanyonya vizuri, anaweza kutoa mililita 200 au 250 bila madhara. Hilo nalo likikosekana, dang'a la mbuzi au la ng'ombe ni afadhali kuliko kukosa, lakini kinga yake si ya punda na haidumu. Hapo mtoto apelekwe kwa daktari apimwe kinga ya damu kati ya saa 18 na 24. Ikiwa chini, atatiliwa mshipani maji ya damu yaliyotengwa kutoka kwa punda mkubwa mwenye afya. Ni tiba ya kweli na huokoa. Kliniki ya The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, ilianza kazi mjini Lamu 1987, na wenye punda wanaijua njia. Nendeni siku ya kwanza. Siku ya nne, mtoto akiwa amelala na viungo vimevimba, kazi huwa nyingine kabisa.

Jambo moja zaidi. Kila mtaa wenye punda wengi ungeweka dang'a kwenye friza. Likigandishwa vizuri hukaa mwaka mzima. Liwekwe kwenye chupa ndogo za mililita 250, liandikwe tarehe, na siku ya haja liyeyushwe ndani ya maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila kuungua. Likichemshwa, ile kinga huharibika na halina faida tena.

#5 Kisimani

Kitovu hamjakitaja. Kikiachwa mbichi juu ya mchanga wa zizi, siku ya tatu kina funza.

Kikatike chenyewe. Kisifungwe uzi ila damu ikiwa inatiririka. Chovya, usipake tu: mimina dawa kwenye kikombe kidogo, ukiinue mpaka kitovu chote kizame kwa nusu dakika. Klorheksidini ya asilimia 0.5 ndiyo nzuri; iodini ya asilimia 2 nayo yafaa. Iodini kali ya asilimia 7 huunguza ngozi, na kidonda kile ndicho kinachoingiza wadudu. Mara tatu au nne siku ya kwanza, kisha mara mbili kwa siku mpaka kikauke. Na mtoto apate sindano ya kumkinga na pepopunda kama mama hakuwa amechanjwa, au kama hakuna ajuaye.

#6 Hindi_Maziwa

Sasa maziwa yenyewe, kwa sababu nasi wa bara ndio tunaoyavusha kutoka Mokowe.

Maziwa ya punda ni mepesi. Mafuta yake ni kama asilimia 1 au pungufu, protini haifiki 2, lakini sukari ya maziwa ni 6 hadi 7. Ya ng'ombe ni kinyume: mafuta 3.5 hadi 4, protini zaidi ya 3, sukari chini ya 5. Ukimpa mtoto wa punda maziwa ya ng'ombe yalivyotoka zizini, unampa mafuta mara nne na sukari pungufu. Matokeo ni kuhara, au kufunga choo, na mtoto anadhoofu huku tumbo limejaa.

Bora kabisa ni unga wa maziwa uliotengenezwa kwa watoto wa farasi. Kwetu huagizwa kutoka Nairobi na hufika umechelewa, basi agizeni siku ile ile na mtumie yafuatayo mpaka ufike, au kwa kipindi chote ukikosekana:

Maziwa ya ng'ombe ya dukani yaliyopunguzwa mafuta, yale ya asilimia 2, lita moja. Glukosi gramu 20. Asiye na mizani afungue pakiti ya gramu 100, amwage kwenye sahani, aigawe mafungu matano sawa. Fungu moja ni lita moja. Koroga mpaka iyeyuke. Pasha mpaka yafikie joto la mwili.

Msitie sukari ya chai. Utumbo wa mtoto mchanga wa punda hauwezi kuivunja, na ikibaki huvuta maji ndani ya utumbo akaharisha. Asali vivyo hivyo. Someni pakiti pia, iwe glukosi tupu au deksitrozi.

Maziwa mabichi mkiwa nayo: yachemsheni, yapoe, yalale kwenye friji usiku kucha, asubuhi ondoeni utando wote wa juu. Hakuna friji? Sehemu mbili za maziwa yaliyochemshwa kwa sehemu moja ya maji yaliyochemshwa, na glukosi gramu 20 kwa kila lita ya mchanganyiko. Hii ya mwisho ni ya kuvukia siku mbili tatu.

Unga wa maziwa wa ndama uacheni. Mwingine una protini ya soya ambayo mtoto wa punda haisagi, na mwingine umetiwa dawa za ndama ambazo kwa jamii ya farasi na punda ni sumu.

#7 Nahodha_Shela

Hindi, kwa heshima, mbona umewaruka mbuzi? Visiwani mbuzi ndio tulio nao. Maziwa ya mbuzi mtoto wa punda huyapenda, na hupewa bila kuyachanganya na kitu.

#8 Hindi_Maziwa

Kweli, sikuwataja na ilifaa. Mafuta ya maziwa ya mbuzi ni mengi kama ya ng'ombe lakini chembe zake ni ndogo na husagika kwa urahisi. Yapewe yalivyo, yakiwa yamechemshwa na kupoa, kwa sababu maziwa mabichi ya mbuzi yanaweza kuwa na ugonjwa wa kutupa mimba ambao humpata binadamu anayeyashika pia. La kuangalia ni choo: maziwa ya mbuzi hufunga. Ukiona vigololi vigumu, mpe maji safi kati ya milo.

Ila chagueni moja. Leo mbuzi, kesho pakiti, keshokutwa unga, huo ndio mwanzo wa kuhara. Mkilazimika kubadili, changanyeni kidogo kidogo kwa siku nne.

#9 Nahodha_Shela

Na mbuzi jike mtulivu anaweza kumnyonyesha moja kwa moja. Asimamishwe juu ya kitu imara, kama baraza la jiwe au meza nzito, afungwe kwa kamba fupi na apewe majani ya kutafuna, mtoto wa punda asimame chini. Kiwele kiwe usawa wa mdomo wake. Mbuzi mmoja hatoshi kwa maziwa yote baada ya wiki ya kwanza, lakini anapunguza chupa za usiku, na mtoto ananyonya kwa shingo iliyonyooka kama Mungu alivyompanga.

#10 Matondoni_Mifugo

Hiyo shingo ndiyo nilitaka kuifikia.

Mtoto alishwe akiwa amesimama, au ameketi kifuani miguu imekunjwa chini yake. Kamwe asilishwe amelala ubavu, wala amepakatwa mgongo chini kama mtoto wa mtu. Simama ubavuni mwake, nyuma kidogo ya bega, chupa uishike chini usawa wa kiwele cha mama. Pua yake isipande juu ya macho. Ukiinua kichwa, maziwa hutelemka yenyewe bila yeye kumeza na njia yake ni mapafu. Nimonia inayofuata haionekani siku ile. Huja siku ya pili au ya tatu kwa homa na kupumua kwa ubavu.

Chuchu ya mwanakondoo inafaa kuliko ya ndama, ambayo ni kubwa na ngumu kwa mdomo wake. Tundu lipimwe: pindua chupa, maziwa yadondoke tone tone. Yakitiririka, tupa chuchu hiyo; kukaza tundu haiwezekani. Chupa isibanwe hata siku moja ili kuharakisha. Maziwa yakitokea puani, simama, acha akohoe kichwa chini. Yakitokea tena mlo unaofuata, usiendelee. Huenda ana tundu kaakaani, na daktari ataliona kwa tochi.

Asipotaka chupa, funika macho yake kwa kiganja au mwingize kichwa chini ya mkono wako, kwenye kivuli cha mwili. Watoto hutafuta chuchu gizani chini ya tumbo. Mara nyingi hilo pekee linatosha.

#11 Bi_Langoni

Kiasi gani kwa siku? Watu hunambia "mpe mpaka akatae."

#12 TabibuPwani

Bi, aliyefiwa na mama hakatai. Kwa mama hunyonya mara kadhaa kwa saa, funda chache kila mara. Chupa humjia mara chache, naye hunywa kwa pupa. Kwa hiyo tunapima sisi.

Mpime uzito kwanza. Mtu asimame kwenye mizani akiwa amembeba, kisha peke yake, atoe tofauti. Siku ya kwanza asilimia 10 ya uzito wake, siku ya tatu 15, kufikia mwisho wa wiki 20. Baadaye waweza kufika 25 choo kikiwa kizuri.

Kwa kilo 20: siku ya kwanza lita 2, mara kumi na mbili, yaani karibu mililita 170 kila saa mbili. Siku ya tatu lita 3, mililita 250 kila mlo. Siku ya saba lita 4, kama mililita 330. Usiku na mchana, na hapa hakuna njia ya mkato: kuruka mlo wa saa nane usiku na kufidia alfajiri kwa kuzidisha ndiko kunakoleta msokoto wa tumbo. Panganeni zamu, watu watatu.

Wiki ya pili kila saa tatu. Wiki ya tatu na ya nne kila saa nne. Kutoka mwezi wa pili mara nne kwa siku. Uzito upimwe kila siku wiki mbili za kwanza, saa ile ile. Siku mbili bila kupanda ni dalili, hata kama anachezacheza.

#13 Kisimani

Nina la kusema kuhusu maji, na ni la mji wetu hasa. Visima vingi vya Lamu vina chumvichumvi. Ukichanganyia unga wa maziwa kwa maji yale, umeongeza chumvi juu ya chumvi iliyomo, na mtoto huishiwa maji mwilini ijapokuwa anakunywa. Tumieni maji matamu, ya mvua kutoka jabia au ya kununua, na yachemshwe. Chupa nayo: maji ya moto na sabuni kila baada ya mlo, suuza, chuchu ichemshwe dakika tano. Kwa joto la hapa maziwa yaliyokaa nje saa mbili mwageni. Yamwageni, hata kama moyo unauma kwa bei ya pakiti.

Ndoo ya maji safi ya kunywa iwepo tangu siku ya kwanza.

#14 Wiyoni_Punda

Nipeni msaada wa haraka. Mtoto wa siku tisa, dume, kilo 22, maziwa ya pakiti asilimia 2 na glukosi kwa chupa, tangu jana ameharisha maji ya manjano. Ananyonya, joto 38.4. Niache maziwa?

#15 TabibuPwani

Usiyaache. Kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili watoto wengi huharisha kidogo, hata walio na mama, kwa sababu utumbo unapokea vijidudu vyake vipya. Mwenye joto la kawaida, anayenyonya na kuchangamka, hahitaji dawa za kuua vijidudu.

Fanya hivi. Punguza kila mlo kwa robo na uongeze idadi ya milo, mchana na usiku. Katikati ya milo mpe ORS, ile chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, pakiti iliyokorogwa kwa kipimo kilichoandikwa, mililita 250 kwa mara, kwa chupa tofauti. Usiichanganye na maziwa. Kagua glukosi unapima vipi. Kijiko cha kuchotea kwa kukisia huzidi upesi. Osha mapaja kwa maji ya uvuguvugu, kausha, paka vaselini nene, maana choo hicho huunguza ngozi na nywele hutoka.

Dalili za kumleta leo leo bila kungoja asubuhi: homa kupita 39, kuacha kunyonya, macho kuzama, ufizi kuwa mwekundu sana au kugeuka zambarau, damu kwenye choo, kiungo chochote kuvimba au kuchechemea. Hilo la kiungo nalirudia, kwa sababu watu hudhani amekanyagwa. Kwa mtoto wa chini ya mwezi, kiungo kilichovimba na chenye joto ni maradhi ya damu mpaka ithibitishwe vingine.

Bana ngozi ya shingo uiachie. Ikikaa juu kama mkunjo kwa sekunde mbili au zaidi, ORS kwa mdomo haitoshi, anahitaji dripu.

#16 Wiyoni_Punda

Ahsante sana Tabibu. Kweli kijiko kilikuwa cha kukisia. Napima.

#17 Kisimani

Kwa watakaosoma wakiwa na mtoto wa siku moja: kile choo cheusi cha kwanza kitoke ndani ya siku. Akijikamua mkia juu, mgongo umekunjika, hakitoki, weka maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini kidogo, mililita 100 hadi 150, kwa mpira laini uliopakwa vaselini, yaingie kwa kushuka tu bila kusukumwa. Mara moja, ikizidi mbili. Isipofaulu ni daktari. Madume hufunga zaidi kuliko majike.

#18 Matondoni_Mifugo

Ndoo. Hapa najua nitapingwa, lakini mtoto mwenye nguvu ahamishwe kwenye ndoo mapema, hata wiki ya kwanza. Anapokunywa kichwa chini, hatari ya mapafu hupungua sana. Anakunywa kwa kasi yake. Na hakui akiamini kwamba mtu ni mama.

Namna ya kumfundisha: ruka mlo mmoja, awe na njaa. Beseni pana lisilo na kina, maziwa ya uvuguvugu. Mtie kidole kinywani, akianza kukinyonya shusha mkono taratibu mpaka midomo iguse maziwa. Usimtumbukize pua, ataogopa beseni kwa siku nzima. Rudia dakika chache, pumzika, rudia. Wengi huelewa ndani ya siku moja au mbili. Kisha tundika ndoo ukutani usawa wa kifua chake, rangi ya kung'aa aione.

#19 Bi_Langoni

Mie sikupingi kwa mtoto mwenye nguvu. Aliyezaliwa kabla ya wakati, au ambaye mnyonyo wake ni dhaifu, nampendelea chupa mpaka apate wiki mbili, ili ionekane kila mlo amekunywa kiasi gani na kwa bidii gani. Kupungua kwa mnyonyo ndiyo habari ya kwanza ya maradhi, hutangulia homa.

#20 Matondoni_Mifugo

Hapo tumekubaliana, Bi.

#21 Nahodha_Shela

Mwenzi. Punda hawezi kulelewa na watu peke yao akatoka sawa. Akikosa punda wenzake hajui kusoma masikio yaliyolazwa nyuma wala kukimbia teke, na akiingizwa kundini akiwa na mwaka hupigwa kila upande.

Tafuta punda jike mtu mzima, mpole, au dume aliyehasiwa. Dume mzima asiwekwe na mtoto kabisa, anaweza kumuuma mpaka akafa. Siku mbili tatu za kwanza wawe pande mbili za ua wakinusana, kisha wawekwe pamoja mchana huku mtu anaangalia. Ukiwa na jike aliyefiwa na mtoto wake na bado ana maziwa, jaribu kumpachika ndani ya siku hizo hizo: ngozi ya mtoto aliyekufa au kitambaa kilichosuguliwa kwayo kifungwe mgongoni mwa yatima, jike apakwe marhamu ya kifua puani asitofautishe harufu, ashikwe na watu wawili, yatima aletwe akiwa na njaa. Akikubali, kazi yenu yote ya chupa imekwisha. Akirusha mateke, usilazimishe kwa siku nyingi, teke moja la kichwa linatosha kumuua.

Na watoto wa nyumba waambiwe mapema. Wasimchezee kwa kumsukuma paji la uso, wasimpe vidole anyonye, wasimfundishe kuinua miguu ya mbele. Kilo 20 zikipanda mabegani mwa mtu ni mchezo. Mwaka wa tatu ni kilo zaidi ya mia, na dume aliyelelewa kwa chupa haogopi binadamu, anampanda, anamuuma. Madume haya wahasiwe mapema kwa shauri la daktari.

#22 Hindi_Maziwa

Chakula kigumu aanze kuonja wiki ya pili. Nyasi laini, na konzi moja ya pumba za ngano zilizoloweshwa. Msishangae akila kinyesi cha punda mwenziwe. Ndivyo anavyopata vijidudu vya kusagia nyasi. Akiwa hana mwenzi, mwekeeni kidogo kilicho kibichi kutoka kwa punda mwenye afya aliyepewa dawa ya minyoo.

Zizi lisiwe na mchanga mtupu. Mtoto hulamba ardhi pale maziwa yanapomwagika, mchanga hukaa utumboni, na msokoto wake ni mbaya. Tandikeni nyasi kavu, na ndoo itundikwe juu ya sakafu.

Onyo kubwa: chakula cha kuku na chakula cha ng'ombe kilichochanganywa kiwandani kisimfikie. Hutiwa dawa iitwayo monensini, ambayo kuku na ng'ombe huivumilia. Kwa punda huharibu moyo, kiasi kidogo tu kinaua, na hakuna dawa ya kuiondoa.

#23 Wiyoni_Punda

Narejesha habari: choo kimeanza kushikana, anakunywa mililita 300 kila saa mbili, joto 38.2. Swali la mwisho. Mama yake alikuwa akiachiwa mitaani kujitafutia. Huyu lini?

#24 TabibuPwani

Alhamdulillahi. Rudisha kiasi cha kawaida taratibu kwa siku mbili.

Mitaani hapana, si mwaka huu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, lakini kamba za nailoni, vifungashio na vipande vya magodoro bado vimejaa majalalani, na punda huvila. Vikijikusanya tumboni hufunga njia na mara nyingi hakuna la kufanya. Mtoto asiye na mama wa kumwonyesha kipi kiliwe ndiye anayeokota zaidi. Aende malishoni na yule mwenzi aliyemkubali, kuanzia mwezi wa pili, kivulini mchana.

Dawa ya minyoo akiwa na wiki sita hadi nane, kwa uzito uliopimwa. Chanjo ya pepopunda akiwa na miezi mitatu au minne. Maziwa yapunguzwe kuanzia mwezi wa nne akiwa anakula nyasi vizuri: ondoa mlo mmoja kila siku nne au tano, wa usiku ukiwa wa kwanza, na aachishwe kabisa kati ya mwezi wa tano na wa sita. Usimtenge na mwenzi wake wiki ile ile unayomwachisha. Mizigo ya mchanga na mawe isubiri mpaka atimize miaka minne, mifupa yake ya mgongo haijakomaa kabla ya hapo.

Na umlete mwisho wa wiki hii nimsikilize mapafu, kwa kuwa umesema ni wa chupa.

#25 Wiyoni_Punda

Nitamleta Ijumaa asubuhi, kabla ya jua kali. Pamoja na mizani ya glukosi.